Neno «Kuyeyusha» na Historia ya Shaba katika Katanga

1. Utangulizi

Msomaji wa historia ya Katanga hukutana mara nyingi na kauli kwamba wahenga waliyeyusha mawe wakapata shaba. Kauli hiyo si ya uongo mtupu, lakini inaficha jambo kubwa. Kitenzi kuyeyusha, kama kitumikavyo katika mazungumzo ya kila siku, kina maana pana: mafuta huyeyuka juani, chumvi huyeyuka majini, risasi huyeyuka motoni. Katika historia ya shaba, kitenzi hicho kimoja kimebebeshwa kazi tatu zisizofanana. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha kazi hizo, na kuonyesha kwamba kuzichanganya kunawanyima mafundi wa kale sehemu bora ya elimu yao.

Yafaa kwanza ikumbukwe maana ya hali tatu za maada, yaani yabisi, kiowevu na gesi. Kitu kinachobadilika hali hakigeuki kuwa kitu kingine. Barafu, maji na mvuke ni maji yale yale. Vivyo hivyo, shaba ikipashwa moto hadi nyuzi 1,085 za Selsiasi huacha kuwa yabisi na kuwa kiowevu. Ikipoa huganda, nayo ni shaba ile ile. Huko ndiko kuyeyuka kwa maana yake halisi.

2. Kazi ya kwanza: kulivunja jiwe

Mafundi wa Katanga hawakuanza na shaba. Walianza na malakiti, jiwe la kijani linalopatikana kwa wingi katika vilima vya nchi hiyo. Mwaka 1806 Pedro João Baptista, mfanyabiashara aliyetoka Angola kwenda kwa Mwata Kazembe, alitaja mawe hayo ya kijani katika kumbukumbu za safari yake. Wakati huo ufundi wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa wa kale mno. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, wanaakiolojia wamegundua mabaki ya kazi ya shaba ya nusu ya kwanza ya milenia ya 1.

Malakiti si shaba iliyolala ndani ya jiwe ikingojea moto. Ni kitu kingine kabisa, ambamo shaba imeungana na oksijeni, kaboni na hidrojeni. Katika kilo 100 za malakiti safi mna kilo 57 na ushei za shaba. Mtu anayelipasha moto jiwe hilo akitumaini kwamba litayeyuka kama mafuta hatapata chuma chochote. Muda mrefu kabla ya nyuzi 1,085, jiwe huvunjika: kilo 8 hivi hutoka kama mvuke wa maji, na karibu kilo 20 hutoka kama gesi ya dioksidi ya kaboni. Kinachobaki ni unga mweusi, yaani shaba ambayo ingali imeshikana na oksijeni.

Ili kuitoa oksijeni hiyo, makaa yalihitajika kwa sababu mbili. Kwanza yalileta joto. Pili, yalipoungua ndani ya tanuri lenye hewa ya kiasi, yalitoa gesi ya monoksidi ya kaboni, nayo gesi hiyo ndiyo iliyoinyang'anya shaba oksijeni yake. Hapo tu ndipo shaba ilipozaliwa, ikayeyuka, ikashuka chini ya tanuri. Basi kazi ya mvukutaji haikuwa ya nguvu peke yake. Hewa ikipungua, joto halikutosha; ikizidi, oksijeni iliishika shaba tena. Mafundi hawakuwa na majina ya gesi hizo, lakini waliziongoza kwa kutazama rangi ya moto na kwa kupima pumzi za mivukuto. Matanuri yao waliyajenga kwa udongo wa vichuguu, unaostahimili moto, na kazi yenyewe waliifanya wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha.

3. Kazi ya pili: kuyeyusha na kusubu

Shaba iliyotoka katika tanuri la kwanza ilikuwa imechanganyika na mavi yake. Ilibidi iyeyushwe upya, isafishwe, kisha isubiwe katika kalibu. Hapa kitenzi kuyeyusha kinafaa bila taabu, kwa maana shaba iliingia motoni ikiwa shaba na kutoka ikiwa shaba.

Ushahidi ulio mashuhuri zaidi wa kazi hii ni misalaba midogo ya shaba iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kwanza na Jacques Nenquin mwaka 1957, na baadaye na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Katika makaburi ya kati ya karne ya 14 na ya 18, misalaba hiyo inazidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa kadiri karne zinavyopita. Wataalamu wanaona katika badiliko hilo dalili kwamba shaba ilikuwa ikigeuka kuwa fedha ya kununulia na kulipia.

Jambo hilo lisingewezekana pasipo kubadili hali ya maada. Jiwe likivunjwa hutoa vipande visivyolingana, bali kiowevu hufuata umbo la chombo chake. Kalibu zilizofanana zilitoa misalaba iliyofanana, na misalaba iliyofanana iliweza kuhesabiwa badala ya kupimwa. Kazi hiyo nayo ilikuwa na masharti yake. Shaba inapoganda husinyaa, kinyume cha maji ambayo huvimba yanapokuwa barafu. Kwa hiyo msubi hutegemea umbo litakalopungua kidogo. Tena, kalibu sharti iwe kavu kabisa, kwani tone la maji likiguswa na shaba ya moto hugeuka mvuke mara moja na kuirusha shaba hewani. Hivyo fundi mmoja, kwa siku moja ya kazi, alikabiliana na hali zote tatu za maada.

4. Kazi ya tatu: asidi na umeme

Ufundi huo uliendelea katika zama za Msiri, mtawala wa Wayeke aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, na ambaye mji wake mkuu wa Bunkeya ulijulikana mbali kwa biashara ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri lake la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza. Tanuri hilo lilikuwa kubwa, lakini kanuni yake haikuwa ngeni: kaboni iliiondoa oksijeni, na joto likaiyeyusha shaba. Mwaka 1926, Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa misheni ya Kikatoliki ya Katanga, alichapisha makala juu ya mafundi wa kale, akiwaita «wala shaba».

Badiliko la kweli lilikuja mwaka 1929, kiwanda cha Shituru, karibu na Likasi, kilipoanza kazi. Huko jiwe huloweshwa katika asidi ya sulfuri. Shaba huingia katika asidi kama chumvi inavyoingia majini, kisha mkondo wa umeme huirudisha kuwa yabisi juu ya mabamba. Shaba hutengwa na jiwe lake bila kukaribia nyuzi 1,085. Kuiita kazi hiyo kuyeyusha ni kulitumia neno lile lile kwa mara ya tatu.

5. Hitimisho

Kiswahili hakikosi maneno. Kuchenjua, neno linalotumika Tanzania kwa kazi ya kutoa madini katika mtapo, linafaa kwa kazi ya kwanza. Kuyeyusha na kusubu yabaki kwa kazi ya pili. Kumumunyisha kwafaa kwa kazi ya tatu, ili tofauti ya kitu kinachopotea ndani ya kiowevu na kitu kinachogeuka kiowevu chenyewe ionekane. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha fungua njia kwa kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Katika nchi ambayo kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 iliitwa kwa neno la Kiswahili, Shaba, suala hili si la wanaisimu peke yao. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba wazee wake waliyeyusha mawe atadhani walihitaji moto tu, na moto kila mtu anao. Akifundishwa kwamba walichenjua, hana budi kuuliza ni nini kilichotoka katika jiwe, kilitoka kwa njia ya moshi gani, na nani aliyejua kuipima hewa. Swali hilo ndilo mlango wa kemia, na lilikwisha jibiwa kwa vitendo katika Katanga zaidi ya miaka 1,000 kabla ya tanuri la mwaka 1911.