Samaki wa Wageni

Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt alipanda mashua kwenye Ziwa Naivasha. Alikuwa ametoka juzi tu kwenye urais wa Marekani, na alikuja kuwinda. Mkononi alishika bunduki, akitafuta viboko. Hata angebeba ndoana, angerudi kambini mikono mitupu. Kadiri wataalamu walivyoweza kubaini, ziwa zima lilikuwa na aina moja tu ya samaki, kasamaki kafupi kuliko kidole chako, kalikoandikwa kwa jina la kisayansi Aplocheilichthys antinorii.

Leo ukishuka matatu pale Kamere, kusini mwa ziwa, mama atakukaangia samaki anayejaza sahani, akuwekee na ugali. Muulize ametoka wapi, atakuonyesha maji. Ni kweli, ametoka hapo. Lakini babu zake hawakutoka hapo, na stori ya walivyofika ndiyo stori ya nani alipewa hili ziwa acheze nalo.

Tuanze na ardhi. Jina Naivasha limetoka kwa Wamaasai, E-naiposha, maji yanayosukasuka. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa hadi Laikipia, na ule wa 1911 ukawatoa Laikipia pia. Walowezi wakachukua mashamba, mengi yakishuka hadi ukingoni mwa ziwa. Wakawa na mandhari, ndege na viboko. Walichokosa ni samaki wa kupigana naye.

Hiyo haikuwa shida ngeni kwao. Kufikia 1905 mayai ya trauti yalikuwa yameshaletwa kutoka Uskoti na kuwekwa kwenye mto Gura, Aberdare. Naivasha, tilapia wakawekwa mwaka wa 1925. Kisha 1929 akaletwa besi wa Marekani, Micropterus salmoides, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama mfuko uliofunguliwa. Huyu hakuletwa kwanza kwa ajili ya sufuria. Aliletwa kwa ajili ya mchezo.

Na mchezo wenyewe, wacha tuwe wakweli, ni mtamu. Unatoka alfajiri, kwa sababu mchana upepo huamka na ziwa linaonyesha kwa nini liliitwa maji yanayosukasuka. Mashua inaachwa ielee polepole kando ya mafunjo. Kwenye mshipi huna mnyoo wala kipande cha samaki. Una chambo bandia, labda kipande cha bati kinachong'aa au kisamaki cha mbao chenye ndoana tumboni. Unakirusha karibu na mafunjo, unakivuta, unakiacha kidogo, unakivuta tena. Besi amejificha hapo kivulini. Hanusi, anatazama. Akiona kitu kinachotembea kama kiumbe aliyeumia, anaruka juu yake kabla hajafikiria.

Mchezo huo unadai vitu viwili. Kwanza, nafasi kwenye maji: mashua, gati, na shamba la kupitia ili ulifikie ziwa. Pili, maji ambayo samaki anaweza kuona ndani yake. Historia ya Naivasha tangu wakati huo, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya vitu hivi viwili.

Nafasi kwanza. Uvuvi wa biashara kwa nyavu ulifunguliwa mwaka wa 1959, miaka 30 baada ya besi wa kwanza kumwagwa ziwani. Tangu hapo ziwa likawa na wavuvi wa aina mbili: anayelipa ili avue, na anayevua ili alipwe. Wengi wa hawa wa pili walihamia kutoka mbali, hasa upande wa Ziwa Victoria, wakiwa na ujuzi wao. Kasamaki ka asili hakakungoja kuona haya yote. Mara ya mwisho kuonekana kwenye rekodi ilikuwa 1962, na besi ni mmoja wa washukiwa wakuu.

Sasa maji. Mwaka wa 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Louisiana, awe biashara na pia chakula cha besi. Besi alimpenda. Lakini kamba naye alipenda mimea, na mayungiyungi yaliyokuwa yametanda ziwani yakatafunwa hadi yakakaribia kwisha. Mashamba ya maua yakaongezeka. Mito Malewa na Gilgil ikaendelea kushusha udongo na mbolea kutoka mashambani juu. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yake hupenya chini ya ardhi, na hiyo ndiyo sababu hayana chumvi kama ya Nakuru na Elmenteita. Lakini matope hayapenyi. Yanabaki.

Februari 2001 samaki walikuwa wamepungua kiasi kwamba uvuvi ulifungwa kwa mwaka mzima. Mwaka huohuo karpi akaanza kuonekana, baada ya kuteremka na mito kutoka kwa mabwawa ya juu. Hakualikwa na mtu. Yeye hula kwa kuchimbua tope la chini, hahitaji kuona vizuri, na kila anapokula anazidi kulichafua ziwa. Katika muda wa kama miaka 10 tu akawa ndiye anayejaza mashua. Besi, mwindaji wa macho, akabaki anawinda gizani.

Ndiyo maana ukikodi mashua leo ukarushe kisamaki cha mbao, unaweza kumaliza asubuhi nzima ukipunga hewa. Hautakuwa umekosea kurusha. Ni kwamba uongo wako hauonekani.

Wakati huohuo, mahali pengine ukingoni, kijana amesimama kwenye maji hadi kifuani akikokota wavu usio na leseni. Hana mashua. Sehemu kubwa ya ukingo bado iko nyuma ya ua za mashamba na hoteli, na fukwe za umma zinahesabika. Anawaogopa askari na anawaogopa viboko, na kila mwaka viboko wanajeruhi na kuua watu wa aina yake. Kwenye taarifa ataitwa mvuvi haramu. Yule wa mashua, mwenye ufito na kofia, ataitwa mpenzi wa uvuvi. Labda wanatafuta samaki yuleyule.

Mwaka wa 2020 ziwa lilifura likaingia mtaa wa Kihoto, likawatoa watu majumbani. Watu wengi walishangaa, ati ziwa limetufuata. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 swali Naivasha limekuwa lile lile: nani anaruhusiwa kulifikia ziwa. Mara hiyo, lenyewe lilivuka ua bila kuomba ruhusa, na waliolowa walikuwa wale ambao hawakuwahi kuwa na gati.