Nani Alilipa Bei ya Kiberiti?

Kila inapopendekezwa sheria ya kudhibiti kemikali ya hatari, wenye viwanda huuliza: itagharimu kiasi gani? Swali hilo ni halali, kwani uzalishaji ukidorora anayeumia ni mwananchi. Lakini kada anao wajibu wa kuuliza swali jingine: kabla ya sheria, gharama ilikuwa ikilipwa na nani? Historia ya kiberiti inatusaidia kujibu.

Katika karne ya 19 njiti nyingi za kiberiti zilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe. Zilikuwa rahisi, tena ziliwaka zikikwaruzwa popote. Mvuke wake, hata hivyo, uliwaozesha wafanyakazi mfupa wa taya. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wapo waliokatwa taya, na wapo waliokufa. Katika hesabu za mabepari taya hizo hazikuandikwa popote.

Ujuzi ulikuwapo. Kufikia 1855 Wasweden walikuwa wakitengeneza viberiti vya usalama kwa fosforasi nyekundu, isiyo na sumu hiyo. Finland ilipiga marufuku fosforasi nyeupe mwaka 1872, na Denmark mwaka 1874. Uingereza ilisita, kwa kuhofia kwamba ikikataza peke yake, wengine wangeinyang'anya soko.

Julai 1888 wafanyakazi wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May, London, wengi wao wasichana, waligoma. Walifuta faini walizokuwa wakikatwa, wakaunda chama chao. Lakini fosforasi nyeupe ilibaki kiwandani. Mwaka 1898 kampuni hiyo ilitozwa faini mahakamani kwa kutotoa taarifa za wagonjwa kama sheria ilivyotaka. Mwaka huo huo wanakemia wa Ufaransa, Sévène na Cahen, walipata mchanganyiko wa fosforasi na salfa ambao ulifanya njiti ziwake popote bila madhara yale. Kufikia 1901 kampuni ilikuwa imeiacha fosforasi nyeupe.

Hofu ya kupoteza soko ilijibiwa kwa umoja. Mwaka 1906, mjini Bern, Uswisi, nchi 7 zilitia saini mkataba wa kuikataza. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1908, ikaanza kutumika 1910. Marekani, mwaka 1912, ilipitisha kodi ya senti 2 kwa kila njiti 100, ikaiua faida ya biashara hiyo. Wananchi waliendelea kuwasha moto kama kawaida.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, gharama ilitangulia sheria. Sheria iliihamisha tu kutoka kinywani mwa mfanyakazi hadi kwenye daftari la mwenye kiwanda, na huko ilitafutiwa dawa upesi. Pili, mzigo wa kweli wa sheria, yaani kushindwa sokoni, huwa mwepesi nchi zinapoubeba kwa pamoja.

Kwa hiyo, anayeleta hesabu ya hasara za udhibiti asikilizwe kwa makini. Kisha aulizwe kama hesabu yake imeingiza afya ya mfanyakazi, na kama mfanyakazi mwenyewe alikuwapo ilipokuwa inapigwa.