Orodha ya barua pepe katika kampeni za siasa: nafasi yake Masasi na Newala na mipaka ya kisheria

Kampeni za Uchaguzi Mkuu huangukia wakati ambao mkulima wa Masasi na Newala ana shughuli nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ifikapo Oktoba korosho huokotwa, huanikwa na kupelekwa katika ghala la chama cha msingi cha ushirika kusubiri mnada. Mikutano ya kampeni nayo huruhusiwa kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, yaani saa zilezile ambazo mwenye shamba yupo chini ya mikorosho yake. Mgombea anayefika kijijini saa 8:00 mchana kwa msafara na vipaza sauti anaweza kukuta uwanja wenye watoto wengi kuliko wapiga kura, akahutubia, akaondoka, na asijue ni nani aliyemsikia.

Pengo hilo ndilo linalofanya orodha ya barua pepe kuwa na maana kwa chama cha siasa. Orodha hiyo ni kumbukumbu ya anwani za watu walioridhia, kwa hiari yao, kupokea taarifa kutoka kwa chama au mgombea kwa vipindi maalumu, na mara nyingi huambatana na jina la kata na namba ya simu. Ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo huandaliwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kwa ajili ya kuthibitisha haki ya kupiga kura. Ni tofauti pia na leja ya wanachama, kwa kuwa anayejiandikisha kupokea taarifa si lazima awe mwanachama. Anaweza kuwa mpiga kura ambaye bado hajaamua, na kwa mtu anayetafuta kura huyo ndiye mwenye thamani kubwa zaidi.

Mfano unaotajwa mara nyingi duniani ni kampeni ya Barack Obama nchini Marekani mwaka 2008, iliyomaliza uchaguzi ikiwa na anwani za barua pepe zipatazo milioni 13. Kupitia anwani hizo wafuasi walichangia fedha kidogo kidogo, walijitolea kugonga hodi kwa majirani na walikumbushwa siku ya kupiga kura. Hata hivyo, si lazima kwenda mbali hivyo. Kituo cha misheni cha Masasi, kilichoanzishwa mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, kilitegemea kwa miongo mingi wafadhili wa Uingereza ambao hawakuwahi kuiona Masasi. Kuanzia mwaka 1883 wafadhili hao walipelekewa jarida la kila mwezi lililoitwa Central Africa, lenye habari za vituo vya misheni. Kabla ya hapo, mwaka 1882, Masasi ilishambuliwa na wapiganaji wa Kingoni na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala. Habari za namna hiyo, zikimfikia msomaji kwa jina lake nyumbani kwake, ndizo zilizomfanya aendelee kutoa mchango mwaka baada ya mwaka.

Katika siasa za Tanganyika kazi hiyo ilifanywa na Sauti ya TANU, karatasi ya habari iliyorudufiwa kwa mashine na kusambazwa kwa wanachama. Haikuwa na picha wala rangi, lakini iliwafikia watu ambao chama kilijua wapo. Uzito wake ulionekana mwaka 1958, pale Mwalimu Julius Nyerere aliposhtakiwa kwa kashfa kutokana na makala iliyowahusu wakuu wa wilaya wawili wa serikali ya kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Serikali ile isingehangaika na karatasi isiyosomwa.

Vyama vingi leo vinaamini kwamba kurasa za mitandao ya kijamii zimechukua nafasi hiyo. Imani hiyo ina kasoro. Ukurasa wenye wafuasi laki moja ni mali ya kampuni inayoumiliki mtandao, na kampuni hiyo ndiyo inayoamua nani aonyeshwe nini. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na asiyekuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu wake alikaa akisubiri kama wengine. Anwani za barua pepe huhifadhiwa na chama chenyewe. Kikibadili mtoa huduma, huondoka nazo.

Kinga hiyo haijakamilika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, huduma ya intaneti nchini iliyumba, na barua pepe nayo iliathirika, wakati ujumbe mfupi wa simu uliendelea kupita. Kwa sababu hiyo orodha iliyoandaliwa vizuri huwa na anwani na namba ya simu kwa pamoja, kila moja ikiwa imetolewa kwa ridhaa.

Swali la haki ni hili: ni nani anayesoma barua pepe Masasi na Newala? Mkulima mwenye simu ndogo isiyo na intaneti hasomi, na chama kitakachojenga kampeni nzima juu ya barua pepe kitakuwa kimemwacha nje. Wanaosoma ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mjini, viongozi wa vyama vya ushirika, wanafunzi wa vyuo, na wenyeji wa maeneo hayo wanaoishi Dar es Salaam, Mtwara na kwingineko ambao nyumbani bado husikilizwa. Mtu mmoja wa aina hiyo akisoma taarifa iliyoandikwa vizuri huisimulia barazani, kwa Kimakonde huko Newala, kwa Kiyao au Kimakua huko Masasi. Barua pepe hapa ni ya msimuliaji, naye huifikisha kwa wengine. Ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160 unatosha kutaja saa na mahali pa mkutano, lakini hautoshi kueleza hoja.

Na hoja zenyewe hazifanani. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ikilitazama bonde la Mto Ruvuma, na tangu enzi za ukoloni shida yake kubwa imekuwa maji, ambayo husukumwa kupanda mlima kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema, karibu na Kitangari. Masasi ipo chini ya uwanda huo, katikati ya milima ya mawe, na ni njia panda ya barabara za kusini. Mwananchi wa Newala anataka kujua mabomba yatafika lini na pampu zinaendeshwaje. Aliye kando ya barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilomita 160, anauliza juu ya lami na fidia. Mkulima wa Lulindi au Ndanda anafuatilia makato ya korosho na muda wa malipo baada ya mnada. Hotuba moja ya jukwaani hugusa yote hayo kwa haraka bila kulimaliza hata moja. Orodha iliyopangwa kwa jimbo na kata humwezesha mgombea wa Newala Vijijini kuandika kuhusu maji peke yake, kwa tarakimu, kwa watu wanaoyahitaji, na kupokea majibu yao. Majibu hayo pengine ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa kuwa mkutano wa hadhara haumpi mwananchi nafasi ya kuuliza swali la pili.

Kazi ya kujenga orodha haifanyiki ndani ya wiki za kampeni. Anayeanza kukusanya anwani baada ya uteuzi wa wagombea amechelewa, kwa sababu mtu hamzoei mwandishi wa barua kwa siku sitini. Chama kinachoandika mara moja kwa mwezi katika miaka minne isiyo ya uchaguzi, kikieleza diwani wake alisema nini katika baraza la madiwani na halmashauri ilitenga fedha gani kwa kata gani, hakiombi kura kama mgeni mwaka wa tano unapofika. Gharama ni ndogo zikilinganishwa na mafuta ya msafara. Hata hivyo, matumizi yanayofanyika kwa ajili ya uchaguzi yanahusika na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na hayaachi kuwa gharama kwa sababu tu yamefanyika mtandaoni.

Mahali ambapo vyama vinaweza kuteleza ni kwenye chanzo cha anwani. Njia ya mkato inajulikana: kuomba orodha ya wakulima kutoka chama cha ushirika, orodha ya wazazi kutoka shuleni, au namba kutoka kwa wakala wa fedha za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali na zisitumiwe kwa lengo jingine lisiloendana nalo. Mkulima aliyetoa namba yake ili apate pembejeo hakuitoa ili aombwe kura. Zaidi ya hapo, sheria hiyo inauweka mwelekeo wa kisiasa wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Orodha inayoonyesha nani anaunga mkono chama gani katika kijiji fulani ni taarifa ya aina hiyo. Ikivuja, mwenye duka anaweza kupoteza wateja, na mwalimu akatazamwa kwa jicho la upande.

Kwa hiyo fomu ya kujiandikisha, iwe ya karatasi mezani pembeni ya mkutano au ya simu janja, inapaswa kueleza nani anakusanya, kwa nini, na jinsi ya kujiondoa. Anwani za kazi zinazoishia na go.tz zisiingizwe kabisa, kwa kuwa hutolewa kwa shughuli za umma, na mtumishi anayezitumia kupokea barua za chama hujiweka pabaya. Orodha isikae katika simu ya katibu mmoja. Kosa la kawaida la kuweka anwani zote mahali zinapoonekana na kila mpokeaji linatosha kufichua mamia ya watu kwa mguso mmoja.

Watoa huduma wa barua pepe nao wamekaza masharti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka anayetuma barua kwa wingi kuthibitisha jina la kikoa chake, kuweka njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na kuhakikisha kwamba malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Maana yake kwa katibu wa wilaya ni kwamba orodha ya kununua, yenye watu wasiomfahamu, itasababisha hata barua za waliojiandikisha kwa hiari ziishie kwenye kapu la barua taka.

Mwananchi anayepokea ujumbe wa kampeni ambao hakuuomba ana haki ya kumwandikia aliyeutuma na kumtaka aache kutumia taarifa zake. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024, akiambatisha nakala ya ujumbe huo, tarehe aliyoupokea na namba au anwani iliyoutuma.