Imani za Msingi za Waadventista Wasabato

Imani za Msingi ni maelezo rasmi ya mafundisho ya Kanisa la Waadventista Wasabato, yaliyopangwa katika vifungu 28. Waanzilishi wa kanisa hili walikataa katakata kutunga kanuni ya imani. Kwa hiyo historia ya vifungu hivyo inafaa kusomwa na jumuiya yoyote ya dini inayojiuliza kama kiini cha imani yake kiandikwe, au kiachwe katika maandiko matakatifu na vinywani mwa waumini.

Waanzilishi hao walitoka katika vuguvugu la William Miller, mkulima na mhubiri Mbaptisti wa Marekani, ambaye wafuasi wake walimtazamia Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Wengi wao walitengwa na makanisa yao, na wakaonja wenyewe jinsi kanuni ya imani inavyoweza kugeuzwa fimbo. Oktoba 1861, walipokutana Battle Creek, Michigan, kuunda konferensi yao ya kwanza, mhubiri wao John Loughborough alitaja hatua tano za uasi: kutunga kanuni, kuifanya kipimo cha ushirika, kuwahukumu washiriki kwayo, kuwaita wazushi wasioikubali, na hatimaye kuwatesa. James White, kiongozi wao, aliunga mkono, akisema kanuni ya namna hiyo ingemwekea Mungu mipaka asiwafunulie watu wake jambo jipya. Wakaridhika na ahadi ya sentensi moja, ya kushika amri za Mungu na imani ya Yesu.

Hoja ya White ilikuwa na uzito kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kujua. Wakati ule yeye na Joseph Bates, nguzo mbili za kundi hilo, walilipinga fundisho la Utatu. Lau wangeandika orodha ya mafundisho mwaka 1861 na kuifunga, Msabato wa leo angehesabiwa mzushi, maana Utatu sasa ni kifungu cha pili cha imani yake. Badiliko hilo lilikuja polepole, kwa miongo kadhaa ya kusoma Biblia na kubishana, na hapakuwa na tamko la kupigiwa kura ambalo ilibidi livunjwe kwanza.

Hata hivyo, kunyamaza nako kuna gharama. Asiyejieleza huelezwa na wengine, mara nyingi vibaya. Mwaka 1872 kilitoka kijitabu chenye vipengele 25, bila jina la mwandishi, ingawa aliyekiandika alikuwa Uriah Smith. Utangulizi wake ulisisitiza kwamba kanisa halina kanuni ila Biblia, na kwamba lengo lilikuwa kujibu maswali na kusahihisha uvumi. Kilichowasukuma kuandika, basi, kilikuwa haja ya kueleweka na walio nje.

Sababu hiyo ilirudi tena kutoka Afrika. Mwaka 1930 viongozi wa kanisa barani humu waliomba maelezo mafupi ya imani yawekwe katika Kitabu cha Mwaka cha kanisa, ili maofisa wa serikali na watu wengine waielewe kazi yao. Mmisionari aliyehitaji kibali cha serikali ya kikoloni hakuweza kujibu tu kwamba anaamini Biblia, kwa kuwa kila dhehebu lilisema hivyohivyo. Kamati ya watu wanne iliteuliwa, mmoja wao, F. M. Wilcox, akaandaa vifungu 22, vikachapishwa mwaka 1931 bila kupigiwa kura na mkutano mkuu. Woga wa 1861 ulikuwa bado hai. Lakini mwaka uliofuata vifungu hivyo viliingia katika Kanuni ya Kanisa, yaani kitabu cha taratibu zake, na mwaka 1946 ikaamuliwa kwamba visibadilishwe ila na mkutano mkuu wa ulimwengu. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wageni yakawa sheria ya wenyeji.

Mkutano mkuu ulivipigia kura kwa mara ya kwanza mwaka 1980 huko Dallas, Texas, vikiwa vifungu 27. Utangulizi wake ndio sehemu bora ya hati nzima: unasema Biblia pekee ndiyo kanuni ya imani, na kwamba maneno ya vifungu yanaweza kurekebishwa pale Roho Mtakatifu anapoliongoza kanisa kuielewa kweli kwa ukamilifu zaidi. Lakini mwaka huohuo Desmond Ford, mwanateolojia kutoka Australia, alinyang'anywa hati za uchungaji kwa kutilia shaka fundisho kwamba Kristo alianza kazi ya hukumu katika hekalu la mbinguni mwaka 1844. Kanisa lina haki ya kuamua nani afundishe kwa jina lake. Hata hivyo, aliyezikumbuka hatua za Loughborough hakukosa kuiona ya tatu.

Mlango wa marekebisho ulioachwa na utangulizi umetumiwa tangu hapo. Mwaka 2005, huko St. Louis, kiliongezwa kifungu cha kukua katika Kristo, kinachozungumzia ushindi dhidi ya nguvu za uovu, jambo linalowagusa sana waumini wa nchi ambako hofu ya mapepo na uganga ni ya kila siku. Mwaka 2015, huko San Antonio, maneno kuhusu uumbaji yalikazwa: siku sita halisi, tena si za zamani sana.

Anayetaka kubatizwa huulizwa mbele ya kanisa kama anayakubali mafundisho haya, na kiapo kifupi cha ubatizo kinazitaja Imani za Msingi waziwazi. Kwa hiyo ni haki yake asomewe vifungu vyote 28 kabla ya kuingia majini, pamoja na utangulizi unaosema vinaweza kurekebishwa.