Kiti Kilichosafiri Vipande, na Taa Iliyoficha Moto Wake

Mtu aingiapo usiku nyumbani mwa mwenziwe, vitu viwili humlaki kabla hajapewa hata maji ya kunywa, navyo ni taa na kiti. Tumevizoea mno hata hatuulizi vilitoka wapi. Leo, wasikilizaji wetu, twataka kueleza habari za vyombo hivyo. Si habari zote, maana hazina mwisho, bali za kiti kimoja na taa moja vilivyogeuza kazi ya kutengeneza vyombo vya nyumba katika Ulaya, na baadaye mahali pengi duniani.

Tuanze na kiti. Zamani, huko kama huku, kiti kizuri kilikuwa cha mkubwa. Watu wa pwani wanakijua kiti cha enzi, cha mpingo uliotiwa njumu za pembe, ambacho hakukikalia kila apitaye. Aliwekewa mgeni wa heshima, na wengine wakakaa mkekani au juu ya kigoda. Ulaya nako seremala alitumia siku nyingi kwa kiti kimoja, akitoboa matundu na kuchonga ndimi za kuingia matunduni, kisha akitia gundi. Kazi ilikuwa njema, lakini bei yake haikuwa ya maskini.

Basi, katika mji wa Boppard, kando ya mto Rhine, alizaliwa mwaka 1796 mtu aitwaye Michael Thonet, naye akawa seremala. Aliona kwamba mbao nyingi hupotea kwa kuchongwa, akajiuliza kama mti hauwezi kupindwa ukafuata umbo la kiti. Kwanza alichukua vipande vyembamba vya mbao, akavichemsha katika gundi, akavipinda pamoja. Mtawala mkubwa wa Austria, Metternich, alipendezwa na kazi hiyo, na mwaka 1842 Thonet akahamia Vienna. Lakini viti vile vilikuwa na kilema kimoja ambacho watu wa pwani watakifahamu upesi: vilipopelekwa nchi za joto na unyevu, gundi iliachia, na vipande vikafumuka.

Hapana budi, basi, kuipinda mbao nzima isiyo na gundi. Hapo ndipo penye akili ya kazi yake, nasi tutakawia kidogo. Mti ukipindwa, upande wa ndani hubanwa na upande wa nje huvutwa. Mti uliolainishwa kwa mvuke huweza kustahimili kubanwa. Kuvutwa hauwezi, hupasuka. Thonet alichukua fito za mti mmoja wa nchi za baridi, jamaa ya mwaloni, akazitia katika mvuke wa moto mpaka zikalainika. Kisha akafunga ukanda wa chuma upande wa nje wa kila ufito, akaubana sana kwenye ncha zote mbili. Chuma hakikubali kuvutwa, kwa hiyo mti nao haukuvutwa. Ulipopindwa, sehemu yake yote ilibanwa tu. Ufito ukafungwa katika kalibu ya chuma, ukakaushwa katika tanuri, na ulipotolewa haukurudi tena kuwa mnyofu. Mwaka 1856 serikali ikampa haki ya kazi hiyo peke yake, mpaka 1869.

Kiti chake kilichojulikana kuliko vyote ni kile kilichopewa nambari 14, cha mwaka 1859. Kilikuwa na vipande sita vya mbao, parafujo kumi na nati mbili, basi. Kiti kiliweza kufunguliwa chote, na viti 36 vilivyofunguliwa vikaingia katika sanduku la meta moja kila upande. Sanduku likapakiwa melini, na mwenye kupokea akakaza parafujo mwenyewe. Mguu ukivunjika, hununui kiti kingine, wanunua mguu. Inahesabiwa kwamba hata kufika mwaka 1930 viti vya namna hii kama milioni 50 vilikuwa vimeuzwa, navyo vilijaa katika mikahawa ya Vienna na Paris.

Lakini tusiseme faida tu. Kiwanda chake kikubwa cha kwanza kilijengwa Koritschan, katika nchi ya Moravia, mahali penye misitu na watu wengi wasio na kazi ya ufundi. Hawa walifundishwa kila mmoja sehemu yake: huyu kupinda, huyu kupiga msasa, na wanawake wakasuka henzirani za kukalia. Mtu aliweza kufanya kazi humo miaka mingi asijue kutengeneza kiti kizima. Sisi twaona kwamba mnunuzi alipata kiti cha bei nafuu, naye seremala wa kijijini akapata mshindani ambaye randa yake haikuweza kumfikia. Mambo hayo mawili ni kweli pamoja, na hatujui mizani ya kuyapima.

Baadaye wengine walifuata njia ileile kwa vitu vingine. Mwaka 1925 Marcel Breuer, mwalimu katika skuli ya Bauhaus huko Dessau, aliitazama baiskeli yake, akaona mpini wake ni bomba la chuma lililopindwa, akatengeneza kiti kwa mabomba. Muda si mrefu viti vya mabomba vikatengenezwa na kampuni ileile ya Thonet.

Sasa taa. Aliyekaa karibu na karabai ajua kwamba mwanga mwingi si lazima uwe mwanga mzuri. Ukiitazama, macho huingia kiza, na uso wa mwenzako ulio ng'ambo ya meza huuoni. Kandili ina mwanga haba, lakini hupendeza macho. Shida hiyo ndiyo iliyomsumbua Poul Henningsen wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1894. Utotoni mwake nyumbani kwao waliwasha taa ya mafuta. Umeme ulipoingia mijini, aliona globu tupu zikiwaumiza watu macho, na nyumba zimekuwa na mwanga mkali usio na raha.

Kuanzia mwaka 1924 alishughulika na chengeu, yaani kifuniko cha taa. Badala ya moja aliweka tatu, kubwa juu, ya kati, na ndogo chini, akazipinda kwa hesabu hata kila mwali utokao katika globu uliangukia chengeu kwa pembe ileile. Mwanga ulitawanyika chini na pembeni, wala mtu aliyekaa mezani hakuiona globu yenyewe. Taa zake zilipata sifa katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1925, na kampuni ya Louis Poulsen ikaziuza.

Wakati wa vita, mwaka 1941, Henningsen alitengeneza taa kwa bustani ya Tivoli mjini Copenhagen, iliyowaangazia watu waliokuwa chini, lakini ndege za vita zisiione kutoka juu. Miaka miwili baadaye ikambidi yeye mwenyewe kukimbilia Sweden.

Mwaka 1958 alitoa taa nyingine, nayo ilizaliwa kwa hasira. Watengenezaji wa globu walikuwa wakibadili maumbo yake kila mara, na taa zake za zamani, zilizopimwa kwa globu za namna moja, zikaharibika hesabu. Kwa hiyo alitengeneza taa ambayo ingefaa kwa globu yoyote itakayotiwa ndani yake, akaiita PH 5, kwa kuwa upana wake ni sentimeta 50. Huning'inizwa chini sana, juu kidogo tu ya meza ya chakula, na mpaka leo huko Denmark familia nyingi hula chini yake.