Mtangazaji, Msimulizi na Mchambuzi

Mfasiri akutanapo na habari za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, aghalabu huandika "mtangazaji" kwa kila ashikaye maikrofoni. Historia ya kazi hiyo yaonyesha kuwa neno hili limetwishwa mzigo mkubwa mno.

Mnamo Oktoba 1921 Harold Arlin wa stesheni ya KDKA alitangaza redioni mchezo wa futiboli ya Kimarekani baina ya vyuo vikuu vya Pittsburgh na West Virginia. Msikilizaji hakuona kitu. Ilimlazimu asimuliwe mpira uko wapi, nani kaushika, na umesogezwa yadi ngapi. Mtangazaji huyo alikuwa msimulizi hasa. Tarehe 30 Septemba 1939 ikaja televisheni, Fordham walipocheza na Waynesburg mjini New York, Bill Stern akitangaza. Mwenye kuona hahitaji kuelezwa akionacho, bali sababu yake. Ndipo baadaye akaongezwa mtu wa pili, mara nyingi mchezaji au kocha wa zamani, afafanue kwa nini ulinzi umevunjika. Huyo ni mchambuzi. Kumwita mtangazaji ni kumvika kanzu ya mwenziwe.

Keith Jackson aliyaona mengi ya mabadiliko haya. Alianza redioni 1952 angali mwanafunzi wa Washington State, akastaafu baada ya mchezo wa Rose Bowl wa Januari 2006. Hapo mwanzo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu michezo michache tu ionyeshwe, na nafasi za kazi zilikuwa haba. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliuvunja utaratibu huo kwa kura 7 dhidi ya 2. Michezo ikafurika katika stesheni, ESPN iliyoanza 1979 ikiwa miongoni mwao.

Siku hizi hata wanafunzi hutangaza michezo ya vyuo vyao kwa njia ya intaneti, na wako watangazaji wanaosimulia wakiwa studio, mbali kabisa na uwanja, macho yao yakiwa kwenye skrini. Je, tuendelee kuwaita "watangazaji wetu walioko uwanjani"?

Tunapendekeza "mtangazaji" libaki jina la jumla, na "msimulizi" litengwe kwa afuataye mchezo hatua kwa hatua. Wako watakaosema kuwa usimulizi ni wa hadithi. Hatuoni kasoro hapo: Arlin naye aliwasimulia wasioona.