Gundi ya Mimea: Neno Linalorudi Mtini

Fundi wa mbao wa mji wa Baraka, kule Fizi, husema kole kwa kufuata Kifaransa. Vitabu vyetu husema gundi. Neno gundi lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako "gond" ni utomvu uliokaukia kwenye gome. Asili ya gundi, basi, ni mti. Siku hizi gundi nyingi za kiwandani hutokana na gesi asilia na mafuta ya petroli, ndiyo maana tunalazimika kutaja mimea.

Gundi ya mimea ni dutu ya kushikanisha mbao iliyotengenezwa kwa wanga, tanini au protini ya mmea kama soya. Tusiichanganye na ulimbo wa kunasia ndege: ulimbo hubaki ukinata, gundi hukauka ikawa ngumu.

Mfano wa karibu ni muhogo. Uukune, uukamue katika kitambaa, uyaache maji yatuame: chini hubaki wanga mweupe. Ukoroge kwa maji baridi, kisha uupashe moto. Kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi chembe huvimba, weupe huwa uangavu, na mwiko huanza kuelemewa. Ukiupaka kwenye ubao, molekuli zake hushikana na selulosi ya mti, kwa kuwa zote zimejengwa kwa glukosi. Adui yake ni maji, nayo huulegeza. Kwa hiyo watafiti huongeza asidi ya sitriki, ile ya kwenye limau, ili kuifunga minyororo yake.

Tanini hustahimili maji zaidi. Hutoka katika gome la miwati, kama ile ya mashamba ya Njombe, Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 1949. Afrika Kusini imetumia gundi ya tanini viwandani tangu miaka ya 1970.

Lakini tuwe waangalifu: gundi ya tanini mara nyingi hukomazwa kwa fomaldehidi, gesi ileile inayowasha macho kutoka kwenye tripleksi mpya. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Neno mimea hutaja asili tu, halithibitishi usalama. Nayo "gundi rafiki wa mazingira" ni sifa, si jina.

Napendekeza tuutaje mmea wenyewe, na kikomazo chake kama kipo. Fundi wa Baraka akisikia "gundi ya wanga wa muhogo", atajua imetoka shamba gani, na atajua pia kwamba haifai kuunda mtumbwi wa Ziwa Tanganyika.